Sufuria halina kosa

Mwanangu,

Bibi yako anakusalimu, goti bado linamsumbua ila mdomo hauna maradhi. Ile voisi uloniletea nimeisikiliza mara mbili, huyo jamaa anaesema watu wa Kisiwa Panza walikufa kwa sababu nyama ya kasa haikuiva. Mie nakwambia kweli, Machi 2024 habari ilipotoka na mie nilisema hivohivo, tena kwa sauti, hapo barazani. Watoto 8 na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja katika hao watoto, na wengine 78 wamelazwa, mie nimekaa nalaumu sufuria. Najionea haya mpaka leo. Na 2021 walikufa wengine 7 hukuhuku Pemba, nalo nilishalisahau.

Mana mie nimelelewa kwa muhogo. Unakumbuka ule mchungu, bibi yako anaumenya anaukata anauroweka mpaka maji yananuka, halafu anauanika juu ya jamvi na kuku wote wanamlia njama. Ile sumu ni sianidi, ukiukata ukauroweka nyengine inatoka na maji nyengine inaruka na hewa, basi akili yangu ikashika kwamba kila sumu ya chakula dawa yake iko jikoni. Kumbe ya kasa haina habari na moto. Chemsha, kaanga, kausha, tia ndimu, iko palepale.

Na kasa hazaliwi na sumu hiyo, anaipata kwenye anachokula. Wataalamu wanadhani inatokana na vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, na ng'amba, aina mojawapo ya kasa, ndo anaetajwa sana, yeye chakula chake sponji za baharini ambazo wengine hawazigusi. Hazimdhuru, sumu inajikusanya mwilini tu. Kemikali yenyewe hasa ni ipi bado hawajaikamata, na dawa ya kuivunja hakuna, hospitali wanakutilia dripu wanakuangalia.

Hapo ndo nikaelewa mbona bibi yako kala kasa utoto wake wote na yupo hapa anagombana na majirani. Si mapishi. Wale kasa wake hawakuwa na sumu, basi, mana mwenye sumu na asiye nayo ukiwaweka pamoja gamba moja, nyama moja, harufu moja. Na usiseme utaonja kidogo ungoje, pengine inaanza baada ya masaa, pengine baada ya siku, na kitoweo chetu unakijua, hakiliwi nyumba moja, bakuli lishafika kwa shangazi na kwa jirani.

Lilonikata maini ni la maziwa. Mama anakula, yeye hata kichwa hakimuumi, kichanga anachokinyonyesha kinakufa. Yameshatokea hayo.

Kwa hivo hiyo voisi usiifowadi kwenye grupu la dahalia, wapo watakaosikia "haikuiva" wakaona kumbe ukiivisha sana utakula salama.

Bibi nimemueleza yote jana. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kaniuliza, na yule kasa wa harusi ya mjomba wako je? Nikamwambia yule ilikuwa bahati tu mama. Akaninyamazia, akarudi kwenye muhogo wake.

Nauli nakutumia Ijumaa.

Mamaako