Wanaoanza kukusanya vifaa vya gofu, wekeni msasa chini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wale wanaoanza kukusanya kumbukumbu za gofu: fimbo za zamani, mipira, bendera za mashimo, beji, kadi za matokeo na saini za wachezaji. Fimbo iliyostahimili miaka mia moja huja kuharibiwa na mmiliki wake mpya katika juma la kwanza, kwa msasa na vanishi. Inaumiza kuona, kwa sababu kosa hilo halirekebishiki.

Chukulia fimbo yenye mpini wa mti wa hikori, maana ndiyo inayowavuta wengi. Mipini hiyo ilitawala hadi katikati ya miaka ya 1920, Marekani iliporuhusu mipini ya chuma; R&A (chama kinachoweka sheria za gofu, chenye makao St Andrews, Scotland) ikafuata mwaka 1929. Anayejua fimbo huanza kutazama alama ndogo ya mtengenezaji iliyogongwa nyuma ya kichwa. Tom Stewart wa St Andrews aligonga alama ya kiko; William Gibson wa Kinghorn aligonga nyota. Alama hizo hazina kina kirefu. Ukikisaga kichwa kwa mashine ili king'ae, zinafutika pamoja na mistari au vinukta vya usoni, upande unaopiga mpira, na hapo hakuna tena awezaye kusema fimbo ilitoka kwa nani.

Kutu iondolewe hivi: paka mafuta mepesi ya mashine, acha usiku mzima, kisha pitisha polepole stilwuli (nyuzi za chuma za kusugulia) laini kabisa, ile ya namba 0000, na ukome mara tu unga mwekundu unapoisha. Rangi ya kahawia iliyokolea inayobaki ndiyo inayokinga chuma, iache. Mpini ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukikauka upake matone machache ya mafuta ya kitani, na baada ya robo saa futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata kama gundi. Kitambaa ulichofutia mafuta hayo kitandaze nje kikauke. Kikikunjwa na kutupwa pembeni, mafuta ya kitani hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwasha nyumba.

Kichwa kikilegea, usikiloweke majini. Mti utavimba na fimbo itakaza siku chache, kisha mti ukikauka utasinyaa na kuachia kuliko mwanzo. Ngozi ya mkamato (pale mikono inaposhika) na uzi uliozungushiwa shingo viache hata kama vimechakaa, kwani vikibadilishwa fimbo si ya asili tena.

Kabla ya kulipa, toa sumaku mfukoni. Katika miaka ya 1930 mipini mingi ya chuma ilivikwa ganda la rangi ya mti, na hadi leo huuzwa kwa wageni kama hikori. Sumaku ikinasa kwenye mpini, umepata jibu. Ujue pia kwamba hikori peke yake si adimu. Fimbo za viwandani za mwanzo wa karne ya 20 zilitolewa kwa wingi mno, na nyingi hazifai zaidi ya kupamba ukuta. Uso laini usio na mistari wala vinukta ni dalili nzuri ya umri, maana michoro ya usoni ilienea baadaye.

Kwenye mipira, ukubwa husaidia. Nje ya Marekani mpira mdogo wa milimita 41.15 uliruhusiwa hadi mwaka 1990. Leo kipimo cha chini ni milimita 42.67 kote. Mipira ya utomvu wa gutapacha ilianza mwaka 1848, ikachukua nafasi ya ile ya ngozi iliyojazwa manyoya. Ule wenye nyuzi za raba ndani, alioubuni Coburn Haskell mwaka 1898, ukaja kuiondoa gutapacha. Yote huchukia joto la kupanda na kushuka: gutapacha hupasuka, na raba hukauka ikakatika ndani kwa ndani.

Saini ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Jina la Bobby Jones, bingwa wa gofu wa Marekani, lililochongwa kwenye kichwa cha fimbo ni la kiwandani; kampuni ya Spalding ilitoa fimbo zenye jina lake kwa wingi, na si yeye aliyeliandika. Linganisha wino na maisha ya mtu. Bingwa wa zamani Harry Vardon alifariki mwaka 1937, ilhali kalamu ya bolipeni haikufika madukani hadi katikati ya miaka ya 1940, basi saini yake ya bolipeni ni ya kughushi, haihitaji mtaalamu. Tazama pia kwa kioo cha kukuza: saini iliyochapwa huonyesha nukta nukta, ya mkono huonyesha wino ukipanda juu ya wino pale mistari inapokatana. Cheti kilichoandikwa na muuzaji mwenyewe hakithibitishi kitu.

Kwa kuanzia, chagua mkondo mmoja mwembamba: kadi za matokeo, vijiti vya kuwekea mpira, au fimbo za chuma za mtengenezaji mmoja. Anayenunua kila kitu hajifunzi bei ya chochote. Tazama bei zilizokwisha kulipwa minadani, si zinazotajwa na wauzaji, na ukumbuke ada ya mnada, ambayo mara nyingi huzidi asilimia 20. Golf Heritage Society ya Marekani, iliyoanza mwaka 1970, na British Golf Collectors Society ya mwaka 1987 hupokea wanaoanza.

Hifadhi vitu mbali na jua, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 45 na 55. Fimbo za hikori zilaze zikiwa zimeegemezwa sehemu mbili au tatu. Zikiegeshwa ukutani kwa mshazari hupinda. Bendera ishonewe kwenye ubao usio na asidi, isigandishwe kwa gundi wala kugusa kioo. Kila kitu kipewe namba kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi wa pamba, na daftarini uandike tarehe, bei, kilikotoka, urefu kwa sentimita na alama zote. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino huvuja kadi ikipata unyevu.

Msomaji wako,
Mkusanyaji wa vifaa vya gofu