Kwa Nini Nachelewa Kuinuka Kitini

Mwanangu mpendwa,

Siku ile uliponiona nikijishikilia kiti kwa mikono miwili ili niinuke, ulinyamaza, na tangu hapo hujaniruhusu kubeba hata mkoba wangu. Najua ni mapenzi yanayokutuma. Hata hivyo nimeona nikuandikie, kwa kuwa jambo linalonipata lina maelezo yake, na ukiyafahamu utanisaidia kwa namna iliyo bora zaidi.

Misuli inayoshikamana na mifupa imeundwa kwa nyuzi nyembamba mno, nazo si za aina moja. Zipo nyuzi za polepole, zinazostahimili kazi ya muda mrefu kama kusimama na kutembea. Na zipo nyuzi za kasi, ambazo huchoka upesi lakini ndizo zitoazo nguvu ya ghafla, kama ya kuruka au ya kuwahisha mguu mbele mtu anapojikwaa. Uzee hauzipunguzi kwa usawa. Nyuzi za kasi ndizo zinazosinyaa zaidi, na ndiyo maana naweza kutembea mwendo mrefu bila taabu, ilhali kuinuka mara moja kunanishinda. Hilo la kujikwaa ndilo linalonitia hofu kuliko yote, maana mguu ukichelewa kitambo kidogo tu, mtu ameshaanguka.

Tena tatizo haliko kwenye msuli peke yake. Kila uzi hupokea amri kutoka kwa neva, yaani mshipa wa fahamu, itokayo katika uti wa mgongo, na neva hizo hufa moja moja kadiri miaka inavyosonga, zikiziacha nyuzi zake yatima. Baadhi ya yatima hao huokolewa na neva jirani, mara nyingi zile za nyuzi za polepole, ambazo huchipuza matawi na kuwatwaa, hata uzi uliokuwa wa kasi ukafuata taratibu tabia ya mlezi wake mpya. Nyuzi zisizopata mlezi hutoweka, na mahali pake hujaa mafuta na tishu ngumu. Mwaka 1988 Jan Lexell na wenzake walichapisha uchunguzi wa msuli wa paja wa wanaume 43 waliofariki wakiwa na umri wa kati ya miaka 15 na 83, wakaonyesha kwamba kuanzia miaka 20 hadi 80 msuli huo hupungua kwa takriban asilimia 40, na kwamba upungufu wenyewe huanza mapema, karibu na miaka 25. Kwa hiyo, mwanangu, safari hii hata wewe umekwisha kuianza.

Uzi uliotoweka haurudi. Uliosinyaa, hata hivyo, hunenepa tena ukipewa kazi nzito, na katika yote niliyosoma hakuna lililonifurahisha kama hilo. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, nchini Marekani, walieleza jinsi wazee 10 wenye umri wa karibu miaka 90 walivyofanya mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Basi nakuomba uniachie mkoba wangu niubebe mwenyewe. Nimeanza pia kuketi na kuinuka katika kiti kirefu, mikono nimeikunja kifuani, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni. Utakapokuja, keti karibu yangu unihesabie, na nikikawia kwenye ile ya nane au ya tisa, usininyooshee mkono.

Mama yako akupendaye