Wacheza gemu wasiyasahau mabega

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaocheza gemu za video, na wazazi wa wale walio wadogo, kuhusu bega. Kila siku tunaonywa kuhusu macho, vifundo vya mikono na muda wa kukaa mbele ya skrini, na maonyo hayo ni ya haki. Lakini mkono unaosogeza kipanya umeshikiliwa na bega, na bega lisipokuwa imara, shingo na mkono mzima hubebeshwa mzigo wake.

Kwa maumbile yake bega ni kiungo kisichotulia. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe kisicho na kina, kama mpira juu ya kisahani, na ndiyo maana mkono huzunguka pande zote. Kinachokizuia kisiteleze, pamoja na kano, ni misuli minne midogo inayokizingira, ikisaidiwa na ile inayolishikilia kombe la bega, yaani mfupa bapa wa mgongoni nyuma ya bega, kwenye mbavu. Mchezaji akiinama kwa saa tatu, misuli ya kati ya makombe hubaki imevutika tu, huku ile ya kati ya bega na shingo ikikaza bila kupumzika. Niliyaona haya kwa macho yangu nilipotazama video niliyorekodiwa nikicheza: mechi ilipopamba moto, bega langu la kulia lilipanda taratibu hadi karibu na sikio, na halikushuka mpaka mechi ilipokwisha. Miezi yote ya maumivu kabla ya hapo nilikuwa nikijipaka tu dawa ya kuchua kila usiku.

Kilichonifaa ni mazoezi ya kutia nguvu niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Utepe wa mpira hufungwa kwenye kitasa cha mlango, kiwiko hukunjwa na kubana taulo ubavuni, kisha kiganja huuvuta utepe kuelekea nje polepole na kurudi polepole zaidi. Hapo kwenye kurudi ndipo wengi huharakisha, na ndipo kazi ilipo. Zoezi jingine ni kuusukuma ukuta kwa mikono miwili na, viwiko vikishanyooka, kuongeza msukumo kidogo ili makombe yasogee mbele. Mara 10 hadi 15, seti 2 au 3, siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha kuanzia, na nafuu hupimwa kwa wiki, si kwa siku. Mwenye ganzi mkononi, au anayehisi bega linataka kuchomoka, amwone daktari kwanza.

Tangu michezo hii ishindaniwe kwa medali katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, wachezaji wake wanastahili kutunzwa kama wanamichezo wengine. Nawaomba wanaosimamia timu za vijana waweke utepe wa mpira kando ya kila kompyuta, na waanze mazoezi ya timu kwa dakika 10 za mabega.

Msomaji wako,
Mcheza gemu