Safari ya Jumamosi: Makumbusho ya Majimaji, Songea

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunakutana stendi saa 2 asubuhi, na gari halitasubiri. Nauli mpelekeeni mhazini kabla ya Alhamisi.

Watalii wengi wakifika nchini huishia Serengeti na Zanzibar. Huku kwetu wachache sana hufika, na hata sisi wenyewe tunapita nje ya geti la makumbusho kila siku tukiwahi sokoni. Inaniuma.

Pale ndipo walipolala mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji, tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya 60 kwa siku moja, akiwemo Nkosi (chifu) Mputa Gama. Wamezikwa pamoja, kaburi moja. Nduna (jemadari) Songea Mbano, ambaye mji wetu umebeba jina lake, aliuawa siku chache baadaye na ana kaburi lake peke yake. Ukoo wake mpaka leo unadai fuvu lake lililopelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo akaomba msamaha.

Nilipokwenda mara ya mwisho, bibi mmoja alivua kandambili kabla ya kulikaribia kaburi, akasimama kimya muda mrefu, kiganja kifuani. Naomba nasi tuingie kwa heshima hiyo hiyo: simu kimya, na picha za kujipiga tuziache kabisa pale makaburini.

Wenye watoto waleteni. Mwenye babu au bibi anayekumbuka simulizi za vita ile, amwombe aje, kiti cha mbele ni chake.