Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Paka Waliopona, Waliotufia, na Azimio Lililo Mbele Yetu

Assalamu alaykum.

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuokoa paka hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, walezi, madaktari wetu wa mifugo, na majirani mlioitikia mwaliko wa mkutano huu mkuu,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Daftari la paka walioingia na waliotoka liko mezani kwa katibu, na kila mwanachama ana haki ya kulifungua na kuuliza. Mimi nitasema juu ya mambo matatu ambayo daftari halitoshi kuyaeleza: kwa nini vipaka wengi walitufia mwaka huu, nini kiliwanusuru waliosalia, na kwa nini kamati inawaombeni mpitishe azimio la kuwatenga paka wapya na kuacha kupokea wengine nafasi ikijaa, azimio ambalo baadhi yenu mmeshaniambia wazi kuwa hamlipendi.

Nianze na masika, maana ndiyo yaliyotuumiza. Mnajua Mji Mkongwe unavyokuwa mvua zikikaza. Wageni huondoka, mikahawa mingi ya Shangani hufunga milango, mabaki ya mishikaki na pweza pale Forodhani hupungua, na paka waliokuwa wakiishi kwa hayo hubaki wanakodolea macho vibaraza vitupu. Njaa hiyo haiwazuii kuzaa. Ulaya paka huzaa kwa msimu, kwa sababu hamu ya jike ya kutafuta dume hufuata urefu wa mchana. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu karibu ni ule ule Januari hadi Disemba, kwa hiyo jike wa Darajani anaweza kushika mimba mwezi wowote. Mimba yenyewe ni siku 63 hadi 65. Jike huweza kuibeba akiwa na umri wa miezi minne tu, angali mtoto kwa macho yetu, na huweza kushika nyingine kabla hajawaachisha ziwa wa kwanza.

Ndiyo maana kila mvua zikinyesha tunakuta maboksi mlangoni. Mwaka huu yalikuja mengi kuliko tulivyozoea, mengine yakiwa yamelowa hadi chini. Katika moja la hayo maboksi ndimo ulimoingia ugonjwa tunaouita parvo ya paka, ambao madaktari huuita panleukopenia.

Naomba niueleze vizuri, kwa sababu azimio letu lote limesimama juu yake. Kirusi hiki hushambulia chembe zinazozaliana kwa kasi: utando wa utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe za damu. Kipaka huanza kutapika na kuharisha, na wakati huo huo askari wa mwili wake wanaisha. Dalili hutokea siku chache tu baada ya kuambukizwa. Waliokuwa zamu wataikumbuka ile hali: kipaka anakwenda mwenyewe hadi kwenye bakuli la maji, anakaa, kidevu kinagusa ukingo wa bakuli, anayatazama maji wala hanywi. Kiu anayo, lakini kichefuchefu hakimruhusu. Ukimvuta ngozi ya shingoni inabaki imesimama, na ukimshika masikio ni ya baridi.

Hakuna dawa inayokiua kirusi hiki. Kinachofanyika ni kumshikilia mgonjwa mpaka mwili wake wenyewe ujipange: dripu, au maji ya chumvi yanayochomwa chini ya ngozi, sindano ya kuzuia kutapika, antibiotiki za kuzuia vijidudu vingine visiingilie, na joto. Juu ya joto nataka kila mlezi alisikie jambo hili. Kipaka mchanga hawezi kujipasha moto mwenyewe. Aliyepoa ukimlisha maziwa, tumbo lake halisagi, na unaweza kumuua kwa huruma yako. Apashwe joto kwanza, kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga, ndipo alishwe. Walezi wetu wa zamu ya usiku walifanya hivyo usiku hadi usiku, na wapo vipaka wanaokimbizana ghorofani leo kwa sababu ya mikono yao. Waliokufa, hata hivyo, walikuwa wengi kuliko waliopona. Sitaki kulipamba neno hilo.

Sasa tazameni upande wa pili. Paka wakubwa wa chumba cha ndani, ambao wote walikuwa na chanjo kamili, hakuugua hata mmoja. Walikuwa nyumba hiyo hiyo, wakihudumiwa na watu wale wale. Chanjo ya parvo ni miongoni mwa chanjo zinazofanya kazi vizuri sana kwa paka. Tatizo ni umri. Kipaka hupata kinga ya mama yake kwenye maziwa ya mwanzo, na kinga hiyo hiyo huizima chanjo. Kwa hiyo huchomwa kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka atimize wiki 16. Katikati hapo kuna siku ambazo kinga ya mama imekwisha na ya sindano haijakaa. Ukimweka kipaka wa umri huo ndani ya chumba chenye vipaka kutoka mitaa tofauti, unamweka mahali pa hatari zaidi kuliko uchochoro aliotoka.

Na kirusi hakiondoki na maiti. Kinaweza kukaa kwenye sakafu, kwenye nyufa za ukuta wa chokaa, kwenye nyayo za viatu, hadi mwaka mzima. Sabuni peke yake na dawa nyingi za kunukia hazikigusi. Jiki inakiua, sehemu moja kwa sehemu 32 za maji, iachwe dakika 10 kabla ya kufutwa, lakini sharti uchafu wote uwe umesuguliwa kwanza kwa sabuni, maana kinyesi kikibaki jiki inapoteza nguvu. Tulichoma maboksi yote, vikapu na matandiko. Vizimba vya mbao navyo tulivichoma, kwa sababu mbao inanyonya na haisafishiki. Vizimba vya chuma mnavyoviona leo vimenunuliwa kwa michango yenu ya Ramadhani, na nawashukuru.

Azimio la kamati ni hili. Kila paka mpya akae katika chumba cha karantini siku 14 kabla ya kuchanganyika na wenzake, akiwa na bakuli zake, beseni lake la mchanga, na mhudumu ambaye siku hiyo hagusi vyumba vingine. Chumba hicho kikijaa, kituo kisipokee kipaka mwingine ndani. Kipaka huyo apelekwe kwa mlezi wa nyumbani asiye na paka ambaye hajachanjwa. Na vipaka wenye afya, walio na mama yao, waachwe walipo, mama alishwe pale pale mpaka watoto wafikie wiki 8, kisha wote wachanjwe na mama afungwe kizazi. Wapo watu wema wanaookota vipaka wakidhani wametupwa, kumbe mama yao ametoka kutafuta chakula. Wanatuletea yatima ambao hawakuwa yatima.

Nimeambiwa na baadhi yenu kuwa kufunga mlango ni ukatili, na kwamba sisi Waislamu hatuwezi kumrudisha kiumbe dhaifu. Nimelichukua neno hilo kwa uzito. Sote tumefundishwa chuo cha Kurani hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Hadithi yenyewe inataja njia mbili za salama: umlishe, au umwache huru ajitafutie. Kilicholaaniwa ni kumfungia halafu ukashindwa haki yake. Kituo kilichojaa kupita uwezo kinakaribia mno hali hiyo, hata kama nia ni njema.

Niseme kidogo juu ya Shombo. Wengi mlimjua, yule dume la kahawia la diko la samaki Malindi, sikio moja limepasuka, kichwa kikubwa kama embe dodo. Alipoletwa fizi zake zilikuwa nyekundu na zimevimba hata akilia akitafuna. Kipimo kilionesha ana FIV, ugonjwa unaodhoofisha kinga ya paka na unaosambaa zaidi kwa kung'atana. Hauambukizi binadamu, na nawaomba mliseme hilo mitaani kwa sababu uvumi ulianza. Paka mwenye FIV anaweza kuishi miaka mingi akitunzwa vizuri na asipopigana. Alihasiwa, akang'olewa meno mabovu, akapewa kona yake darini. Aliishi nasi vizuri, akilishwa samaki wa kuchemsha aliyepondwa, na vipaka waliopona walikuwa wakilala juu ya mgongo wake. Mwishoni mwa mwaka figo zilimshinda. Akaacha kula, pumzi ikaanza kunuka, akawa anajificha nyuma ya ndoo. Daktari alitueleza kilichobaki ni maumivu tu, na kamati iliridhia achomwe sindano ya kumpumzisha. Alikufa akiwa kwenye mapaja ya mlezi wake, amefungwa kitambaa.

Nasema haya kwa sababu kuna wanachama walionung'unika kuwa chama cha kuokoa paka hakipaswi kuua. Msimamo wangu haujabadilika. Kama ugonjwa hautibiki na mnyama anateseka, na daktari amethibitisha, kumwacha afe kwa siku kadhaa nyuma ya ndoo si kumpenda. Sindano hiyo haitatolewa kwa sababu ya kukosa nafasi wala kwa sababu ya uzee, ulemavu au FIV peke yake. Hilo limeandikwa katika utaratibu wetu na litabaki hivyo nikiwa hapa.

Kufunga kizazi ndiyo kazi iliyotupa faraja kubwa mwaka huu. Tulikwenda mtaa kwa mtaa, masheha, viongozi wa mitaa yetu, walitufungulia njia, na wavuvi wa Malindi ndio waliotusaidia kutega mitego kwa sababu paka wanawaamini. Paka aliyekwisha kuhasiwa au kufungwa kizazi hukatwa ncha ndogo ya sikio la kushoto akiwa bado na usingizi wa dawa, ili asikamatwe mara ya pili. Ukimwona paka wa namna hiyo, mwache na umlishe. Pale ambapo karibu paka wote wamefanyiwa hivyo, kelele za usiku zimepungua, majeraha ya kupigana yamepungua, na vipaka wapya hatuvioni. Mitaa ambayo hatujafika ndiyo iliyotuletea yale maboksi.

Juu ya kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu husababishwa na mbwa, lakini paka pia huupata na huambukiza kwa kung'ata. Ndugu zetu wa Pemba wana somo la kutufundisha: ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, na kwa kampeni za kuchanja mbwa ukatokomezwa tena mwaka 2018. Chanjo ikilegea ugonjwa unavuka bahari. Kwa hiyo kila paka wa kituo anachanjwa. Anayeng'atwa, awe mhudumu au mgeni, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Hatutaki kusikia habari za kupaka majivu au kitunguu.

Jambo jingine la nyumbani. Tuliletewa paka ambaye mwenyewe alimpa parasetamoli kwa sababu alikuwa na homa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Kwa paka hakuna kipimo kidogo kilicho salama. Mwenye paka alilia sana, na hakuna wa kumlaumu kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Tuwaambie watu. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa isipakwe paka, na maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi wao. Maji safi yanatosha, na chakula kiwe na nyama au samaki, kwa sababu paka hawezi kuishi kwa wali mtupu.

Fedha zilitosha kwa shida. Dawa na chanjo zimechukua sehemu kubwa, chakula kinafuata. Mweka hazina atafafanua.

Walezi waliokesha wakati wa parvo, wengi wao vijana wa skuli na akina mama wa mtaa, wamebeba mzigo ambao haukuandikwa popote. Wawili walituomba wapumzike, nasi tuliwakubalia kwa moyo mmoja. Mtu anayezika vipaka alfajiri kisha akaenda darasani anahitaji kupokewa zamu na kuulizwa hali yake. Kuanzia sasa hakuna mlezi atakayekaa na wagonjwa mahututi usiku mbili mfululizo, na kila zamu itakuwa na watu wawili.

Kura ya azimio itapigwa baada ya hesabu kusomwa. Likipita, tutahitaji walezi wa nyumbani kabla ya masika yajayo. Katibu ana orodha mlangoni. Anayejitolea aandike jina lake, mtaa wake, idadi ya paka alionao tayari, na kama wamechanjwa. Ambao paka wao hawajachanjwa, waleteni Jumamosi asubuhi. Daktari atakuwapo, na chanjo za siku hiyo zimeshalipiwa.

Mwenyekiti