Barua kwa Mwanangu: Chupa Moja Usiku Mzima

Mwanangu,

Jumamosi nilipopita kwako Kahawa West kukuletea unga na maharagwe, nilikuta chupa ya kinywaji cha nguvu juu ya meza, kando ya kompyuta. Kabla sijafungua mdomo ukaniwahi: "Baba, si nyingi. Hii moja inanitosha usiku mzima." Sikujibu kwa kuwa mwenzako alikuwepo, na mtoto hasutwi mbele ya rafiki yake. Lakini njia nzima ya kurudi, neno lililonikereketa ni hilo: usiku mzima. Afadhali ungeniambia unapiga mbili kwa mkupuo mmoja, ukamaliza.

Najua unacheka. Unalijua pengo langu la nyuma, upande wa kulia, linalonifanya nitafune mahindi choma upande mmoja kama mbuzi mzee. Miaka ile nikiendesha matatu ya 45, soda yangu ilikaa kando ya gia. Funda moja Pangani kwenye foleni, jingine Roysambu, jingine nikingoja konda ajaze gari. Chupa ya nusu lita ilinifikisha hadi saa kumi jioni, nami nikajiona mtu wa kiasi. Konda wangu alikuwa akinywa yake yote na chapati saa saba, anafuta mdomo, basi. Aliyeng'olewa gego ni mimi.

Lilianza kimya. Jino halisemi kitu mpaka tundu limekaribia mshipa wa fahamu. Kwanza nilishtuka nikinywa maji baridi, kisha usingizi ukapotea. Bibi yako akasema ni mdudu, nikabana karafuu. Karafuu hutia ganzi kidogo, hilo silikatai, ila maumivu yakilala tundu linaendelea kuchimba. Nilipofika kwa daktari hakuniuliza nakunywa soda ngapi. Aliuliza, "Kwa siku, kitu kitamu kinaingia mdomoni mara ngapi?" Nikajaribu kuhesabu mafunda, nikanyamaza.

Alinieleza hivi. Ukoga unaouhisi kwa ulimi asubuhi umejaa bakteria. Sukari ikiingia wanaila, na dakika chache baadaye wanatoa asidi inayolinyang'anya ganda la jino madini yake. Mate ndiyo fundi: huipunguza makali asidi na kurudisha kalsiamu mahali pake. Kazi hiyo huchukua nusu saa hivi, pengine zaidi. Ukinywa soda pamoja na chakula, ukuta unabomolewa mara moja kisha fundi anapata muda wa kuukarabati. Ukionja kila dakika ishirini, hajashika mwiko vizuri unabomolewa tena. Na usinitoroke kwa kununua ile isiyo na sukari. Ile imekuja na asidi yake tangu kiwandani. Ukitaka kitu cha kuonjaonja ukisoma, weka maji mezani. Hata chai ya mama yako, ya vijiko vitatu, inywe na chakula.

Nikauona na mswaki wako. Nywele zimelala kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe. Badilisha kila miezi mitatu. Tena unapiga mswaki asubuhi tu, wakati usiku ndio muhimu zaidi, kwa sababu mate hupungua ukilala. Dakika mbili, liwe jambo la mwisho kabla ya kulala, kisha uteme povu bila kusukutua ili floraidi, yale madini ya kwenye dawa ya meno yanayoimarisha ganda la jino, ibaki kwenye meno.

Hapo ndipo tulipobishana. Ulisema mwenye nyumba anawapa maji ya kisima, na kwamba maji ya visima vingi Nairobi yana floraidi nyingi, kwa hiyo umeamua kununua dawa ya meno isiyo nayo. Kuhusu visima husemi uongo, na najua unamfikiria binamu yako aliyekulia Nakuru, na meno yake ya kahawia. Lakini madoa yale ya floraidi nyingi huingia jino likiwa linajiunda ndani ya ufizi, utotoni, hadi karibu miaka minane. Meno yako yalishamaliza kujiunda zamani. Wa kuchungwa ni dada yako mdogo, ndiyo maana namwekea kiasi cha punje ya njegere na kusimama naye mpaka ateme. Wewe nunua Kolgeti (huku kwetu kila dawa ya meno ni Kolgeti, hata ikiwa ya kampuni gani), mradi pakiti iseme ina floraidi, kati ya ppm (yaani sehemu kwa milioni) 1,000 na 1,500.

Jambo moja limebaki. Ulisema magego ya mwisho yanachomoza na chakula kinanasa huko nyuma. Usingoje yaume. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali na Hospitali ya Kenyatta, wanafunzi hutibu watu huku walimu wao wakiwasimamia. Jumatano gari linaingia gereji, kwa hiyo niko huru; tukutane mjini saa mbili asubuhi twende pamoja. Ndani utaingia peke yako. Sauti ya ile mashine ya kutoboa bado hunitoa jasho, kwa hiyo nitakungoja kwenye benchi la nje.

Wako,
Baba