Barua kwa mwanangu: waliyoyasema watu wa Moshi kuhusu Bill Withers

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi sote ni wazima, mguu wa mama yako unaendelea vizuri, na huku juu mvua zimeanza ingawa mjini bado ni vumbi. Nakuandikia kuhusu ile filamu ya makala uliyonisisitiza niitazame, ile ya marehemu Bill Withers, mwimbaji wa soul wa Marekani, iliyotoka mwaka 2009 kwa jina la Still Bill. Nimeitazama, tena si peke yangu. Kijana mwenye ukumbi karibu na Soko la Mbuyuni aliionyesha ukutani Jumamosi usiku, watu tukawa wengi kuliko viti, na maneno yaliyosemwa taa zilipowashwa ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu, kwa sababu naona yanakugusa wewe na ule mkataba wa muziki unaotaka kuutia sahihi huko Arusha.

Kabla ya filamu kuanza, yule kijana alituonyesha jalada la albamu ya kwanza ya Withers, ya mwaka 1971. Amesimama nje ya kiwanda, ameshika kijisanduku cha chuma, na papo hapo mafundi waliokaa nyuma wakaanza kubishana kama ni sanduku la spana au la chakula. Ni la chakula. Picha ilipigwa wakati wa mapumziko ya mchana katika kiwanda alichokuwa akifanya kazi ya kutengeneza vyoo vya ndege, na hata wimbo wake wa Ain't No Sunshine ulipoanza kupigwa redioni hakuwa na haraka ya kuacha kazi hiyo, kwa kuwa hakuiamini biashara ya muziki. Hapo ukumbi ulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu wanaomfahamu mwenzao. Mimi niliyezeekea kwenye mashine nilimwelewa kabla hajafungua mdomo.

Filamu ni ya Kiingereza, hivyo mwalimu mmoja wa sekondari alikaa pembeni na kipaza sauti akitafsiri, kama walivyokuwa wakifanya wale wa vibanda vya video, ila yeye hakuongeza chumvi. Alitueleza kwamba Withers alizaliwa mwaka 1938 huko Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, akafiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka 13, akatumikia jeshi la wanamaji kwa miaka tisa, na kwamba kigugumizi kilimsumbua hadi alipofika miaka 28. Bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu, ambaye mjukuu wake ana kigugumizi, alimwomba mwalimu arudie huo umri, akaurudia. Baadaye Withers alipoonekana akiwa na watoto wenye tatizo kama lake, machozi yakamtoka mbele ya kamera, vijana kadhaa waliokuwa wakichezea simu waliziweka chini. Kwangu sehemu hiyo inapita zote za muziki.

Ubishi ulianza filamu ilipokwisha. Swali lilikuwa moja: mtu aliyepata tuzo za Grammy na ambaye wimbo wake Lean on Me ulishika namba moja Marekani mwaka 1972, kwa nini aache muziki mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 46 au 47, akae nyumbani hadi kifo chake Machi 30, 2020? Vijana walisema alichezea bahati. Mmoja wao, ambaye najua anarekodi kama wewe, alisema kwa uchungu kwamba angepewa nusu ya nafasi ile asingelala usingizi. Wazee wakamjibu kwamba huyo ndiye mwanamume mwenye akili, aliyeutazama umaarufu akaona ni moshi akaurudia mji wake. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alitaka kuligeuza jambo lote kuwa mahubiri, na nakiri kwamba alipata makofi mengi kuliko alivyostahili.

Hapo katikati meku mmoja wa Pasua alisimama kutukumbusha kwamba Withers aliwahi kuja Afrika, na alikuwa sahihi kabisa, kwa maana mwezi Septemba 1974 aliimba Kinshasa katika tamasha lililopangwa kwenda pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, masumbwi yakasogezwa hadi Oktoba 30, na muziki ukaendelea bila ya mabondia. Mzee wetu alikusudia kutusimulia pambano lote mpaka raundi ya nane, ikabidi tumwombe aketi.

Mwanangu, mimi sikukubaliana na upande wowote. Wote walizungumza kana kwamba kuondoka kwake kulikuwa jambo la moyo tu, kiburi kwa hawa na hekima kwa wale, wakati maelezo ya kazi yenyewe yanaonyesha kitu kingine. Kampuni ya kwanza iliyomrekodi, Sussex, ilianguka katikati ya miaka ya 1970, naye akahamia Columbia. Huko alikutana na mabosi waliotaka kumfundisha mtu mzima namna ya kuwa yeye mwenyewe. Wakamkatalia nyimbo zake, na mmoja wao akamshauri aimbe upya wimbo uliokuwa umeimbwa na Elvis Presley. Kati ya 1978 na 1985 hawakutoa albamu yake hata moja. Katika miaka hiyohiyo aliimba wimbo mmoja katika albamu ya mpiga saksofoni Grover Washington Jr., chini ya kampuni nyingine, na wimbo huo ukapata Grammy. Kwa hiyo sauti haikuwa imekauka, wala watu hawakuwa wamemchoka. Fundi akinyang'anywa uamuzi juu ya kazi ya mikono yake huku jina lake likiendelea kuandikwa mlangoni, ataondoka, na sioni haja ya kumwita mwenye kiburi wala kumvika joho la mtakatifu.

Kuna maneno yake ndani ya filamu yaliyowafurahisha sana wazazi wenzangu. Anasema huwaambia watoto wake kwamba si vibaya kuianza safari ya kwenda kwenye mafanikio makubwa, lakini njiani watapita mahali ambapo mambo ni mazuri kiasi, na wakifika hapo wapazoee, kwa sababu huenda ndipo mwisho wao. Kina mama walitikisa vichwa kukubali, vijana wakaguna. Safari hii niliguna pamoja na vijana. Maneno hayo ni rahisi kwa mtu ambaye tayari amekwenda mbali kiasi kile, na sitaki uyachukue kama agizo langu kwako.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja, karani mstaafu wa mahakama, aliyenyamaza muda wote kisha akauliza kama mtu anayedai risiti: huyu bwana alikaa nyumbani miaka 35, alikuwa akila nini, na fedha za wimbo zilikuwa zikienda kwa nani? Mwalimu akajibu kwa kile alichokifahamu. Mke wake, Marcia, ndiye aliyekuja kusimamia kampuni za haki za utunzi wa nyimbo zake, na watoto wao wakaingia humo walipokua. Mwaka 1987 kundi la Club Nouveau liliuimba upya Lean on Me, ukashika tena namba moja, na mwaka uliofuata tuzo ya Grammy ya utunzi ikaenda kwa Withers, ambaye hakuingia studio kwa ajili ya toleo hilo. Yule mama akasema, basi mtu huyu hakuacha muziki, aliacha waajiri. Wengi hawakumsikia, maana watu walikuwa wameshaanza kupanga viti, lakini mimi nilimfuata nje.

Tulizungumza mpaka karibu saa nne usiku pale penye taa ya barabarani. Nilimweleza, kwa kadiri ulivyonieleza kwa simu, kwamba prodyuza wako anataka uache kazi ya umeme, akulipie studio na video, na kwamba nyimbo zitakuwa "za kampuni". Aliniuliza kama karatasi inatenganisha rekodi na utunzi, kwa maana mtu anaweza kugharimia rekodi na kuidai, lakini maneno na sauti ulizozitunga ni kitu kingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakutambua wewe mtunzi. Aliniuliza pia kama nyimbo zako zimesajiliwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina lako, kama mkataba una mwisho, na nini kitatokea kampuni ikiamua kukaa na albamu yako kabatini miaka saba. Sikuwa na jibu hata moja, na nina shaka kama wewe unalo.

Sikukatazi kuimba, na mama yako asingenisamehe nikijaribu. Kazi ya umeme usiiache kwanza, hata kama wenzako wa studio wanakucheka kwa kuingia na koleo mfukoni. Nitumie mkataba wote, kila ukurasa, pamoja na ule wa viambatanisho, upigwe picha vizuri ili maandishi madogo yasomeke. Yule mama amekubali kuusoma Jumatano baada ya ibada ya mchana, na hataki malipo isipokuwa nauli ya kutoka Rau. Usitie sahihi kabla ya hapo, na huyo prodyuza akikuambia nafasi inafungwa kesho, mwambie baba yako ameomba siku chache.

Baba yako,
Moshi